Mizani ya Nkavandame

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, Kilimarondo hailali. Magunia yanatoka mashambani juu ya baiskeli na bodaboda, yanapangwa mbele ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, na wenyewe wanayakalia wakingoja zamu. Maneno huwa machache. Macho yote yako kwenye mizani. Mtu aliyepalilia, akapuliza salfa, akainama chini ya kila mkorosho kuokota korosho moja moja, anajua kwamba jasho la mwaka mzima litasomwa kwa pumzi moja, na atakayelisoma ni mtu mwingine.

Vijana wetu wana ubishi wanaoupenda kwenye vijiwe vya kahawa. Kati ya wapiganaji wa msituni waliopambana na mkoloni, nani alikuwa mkubwa kuliko wenzake? Huyu atamtaja Mkwawa, aliyewavizia Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kumuua kamanda wao Zelewski. Yule atasema Kinjikitile, maana aliunganisha makabila ambayo kabla yake yalikuwa yakivamiana. Mwingine, kwa kuwa sisi ni watu wa Nachingwea na babu zetu walimwona kwa macho, atasema Samora Machel. Wanahesabu vita, bunduki na maadui waliouawa. Wakinigeukia kuniuliza mimi, huwaambia tuanzie ghalani.

Nina sababu. Nilipokuwa mtoto, mnunuzi mmoja alikuwa akizunguka vijijini miezi ya njaa, Februari na Machi, na khanga, sukari na sabuni. Hakudai fedha. Alikuwa na daftari tu. Mama alichukua khanga doti moja, na baba akachukua debe la mahindi. Korosho zilipoiva, mtu yule alirudi na bakuli lake la kangomba, kipimo chake cha kununulia. Alilijaza mpaka likapanda kichuguu juu, akagonga ukingo kwa kiganja ili korosho zishuke, akaongeza tena, ndipo akahesabu moja. Kila baba alipotaka kusema neno, alifunguliwa daftari. Mwaka ule gunia letu liliisha uani, hata ghala hatukuliona. Aliyetufanyia hivyo hakuwa Mreno wala Mjerumani. Alisalimiana na baba kwa jina la ukoo, na alikula kwetu.

Kwa hiyo nikisoma habari za wakombozi, huwa natafuta kwanza walivyowapimia watu wao wenyewe.

Huku kusini hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Machemba, mtawala wa Wayao aliyekuwa na makao yake Luagala katika uwanda wa Makonde, aliandikiwa na Wissmann, mkuu wa Wajerumani, kwamba aje ajisalimishe. Mwaka 1890 alimjibu kwa barua ya Kiswahili. Alisema kama ni urafiki yuko tayari leo na siku zote, lakini kuwa mtu wa chini yake, hapana. Kila mmoja abaki sultani katika nchi yake. Ni barua ya kishujaa, na kila mwanafunzi wa shule zetu angepaswa kuifahamu. Lakini Machemba huyohuyo alikuwa mfanyabiashara wa mpira, na wa watumwa pia. Uhuru alioutetea kwa maneno mazuri kiasi kile haukuwafikia waliopita Luagala wamefungwa shingo. Wajerumani walipomfuata kwa nguvu mwaka 1899, alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe simweki pamoja na Machemba. Watu wa Umatumbi walikuwa wakilazimishwa kulima pamba ya serikali huku akida akisimama na kiboko, na ujira wao haukufika hata thamani ya chumvi. Julai 1905 waling'oa mipamba huko Nandete, na moto ukawaka. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijafika mbali, lakini maji yake, dawa aliyosema ingezuia risasi, yalikuwa yameshamtangulia. Mwezi huohuo boma la Liwale lilianguka, na misheni za nchi yetu, Lukuledi na Nyangao, zikavamiwa.

Tazama sasa dawa ile ilivyopimwa. Mtu akipigwa risasi akafa, ilisemwa kwamba alivunja mwiko: alilala na mkewe, au alichukua mali ya watu. Kosa likawa la marehemu siku zote. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu walilikabili boma la Mahenge mchana kweupe, wakitembea kuelekea bunduki za mtombo, na hata baada ya siku ile maji yaliendelea kugawiwa kwingine. Sisemi Kinjikitile alikuwa mwongo. Naamini aliamini. Ila aliwapa watu kitu ambacho wao hawakuruhusiwa kukikagua. Wajerumani walipoanza kuchoma maghala na mashamba, walioandamwa na njaa hawakuwa na wa kumwuliza. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilisema walikufa watu 75,000. Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa ya nchi kati ya Liwale na Rufiji ikabaki pori, wanyama wakaijaza, na hifadhi ya Selous ikapanuliwa juu ya mahame ya watu. Tembo wanapoingia mashambani kwetu leo, kwa upande fulani wanatoka katika historia ile.

Songea Mbano, nduna wa Wangoni katika vita vilevile, namtaja kwa heshima. Wazee wa Ungoni wanasimulia kwamba Wajerumani walitaka kumbakiza hai, naye akakataa kubaki duniani wakati wenzake wamenyongwa. Alinyongwa siku chache baada yao, mwaka 1906. Alijipimia kipimo kilekile walichopimiwa watu wake.

Lakini kisa ninachotaka kila kijana wa Nachingwea na Ruangwa akijue ni cha mtu ambaye hakuna anayemtaja kijiweni: Lázaro Nkavandame.

Alikuwa Mmakonde wa upande wa pili wa Ruvuma, wa uwanda wa Mueda. Wareno walikuwa wameifanya pamba kuwa adhabu. Kila familia ililazimishwa kuilima, kampuni yenye kibali ikainunua kwa bei iliyojipangia, na aliyeshindwa kufikisha kiwango alipigwa viganjani kwa kibao cha mbao chenye matundu mpaka mikono ikavimba. Wengi walikimbilia kwetu, wakakata mkonge katika mashamba ya Lindi na Tanga. Nkavandame alifanya jambo lililohitaji akili na moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwakusanya wakulima wakaanzisha ushirika wao wa pamba, walime kwa hiari yao, wapime wenyewe, wauze pamoja. Watu walimiminika. Wareno waliona hatari iliyomo ndani ya mkulima anayejua kilo zake, wakaubana ushirika ule. Tarehe 16 Juni 1960 wakawafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Baada ya hapo njia iliyobaki ilikuwa moja.

Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na risasi ya kwanza ya vita ikapigwa Chai, jimbo la Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Nkavandame akawa katibu wa chama wa jimbo lile lote. Hakuna aliyestahili zaidi. Watu walimwamini kwa sababu aliwahi kuwasimamia kwenye mizani.

Vita vilipopamba moto, maduka ya Wareno na Wahindi yalifungwa, na sehemu kubwa za vijijini zikawa mikononi mwa wapiganaji. Chumvi ikawa adimu kama dawa. Wananchi wa maeneo yaliyokombolewa walilima karanga, ufuta na korosho, mazao haya haya tunayoyalima sisi Kilimarondo, wakayabeba kichwani kwa safari ya siku nyingi, wakavuka Ruvuma kwa mitumbwi usiku kwa hofu ya ndege, na kuyafikisha Tanzania. Huko walitarajia kupewa chumvi, sabuni, jembe na kipande cha nguo. Mfikirie mama mwenye kilo 20 za karanga kichwani na mtoto mgongoni, ameuvuka mto uliojaa viboko chini ya anga lililojaa Wareno, amefika salama. Anautua mzigo wake mbele ya mwenyekiti wa chama chake.

Biashara hiyo ilikuwa chini ya Nkavandame na wenyeviti wake. Hapo ndipo malalamiko yalipoanza. Karanga zilipokelewa kwa bei ya chini, nguo na chumvi zikauzwa kwa bei ya juu, na faida haikuonekana kwa mpiganaji wala kwa mkulima. Waliohoji waliambiwa wanaleta mgawanyiko wakati wa vita. Habari nyingi za mambo haya zimeandikwa na waliomshinda, na msomaji mwangalifu lazima alikumbuke hilo. Hata hivyo ugomvi wa bei na wa fedha za maduka haukubuniwa na washindi peke yao. Wapiganaji waliokuwa wakila mihogo msituni waliujua.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Julai 1968 Frelimo ilifanya mkutano wake mkuu wa pili Matchedje, Niassa, ndani ya ardhi ya Msumbiji. Nkavandame hakuhudhuria. Alianza kusema Cabo Delgado ijitenge, iwe ya Wamakonde, kana kwamba damu ya watu wa kusini mwa Msumbiji waliokufa wakipigana Mueda haikuwa damu. Desemba 1968 Paulo Samuel Kankhomba, mmoja wa makamanda wakuu, aliuawa mpakani na watu wa upande wa Nkavandame. Januari 1969 Nkavandame akavuliwa uongozi. Tarehe 3 Februari Eduardo Mondlane, rais wa Frelimo, akauawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Wiki chache baadaye Nkavandame alivuka mto, akajisalimisha kwa Wareno.

Wareno walishangilia. Walichapisha karatasi zenye maneno yake, wakazimwaga kwa ndege juu ya vijiji: Wamakonde, mkubwa wenu yuko kwetu, tokeni msituni. Wamakonde hawakutoka. Walibaki porini na chumvi yao haba, na mwaka 1970 walistahimili mashambulizi makubwa kuliko yote ya vita vile, yenye maelfu ya askari chini ya Jenerali Kaúlza de Arriaga. Kwangu mimi hilo ndilo jibu zito kuliko hukumu yoyote aliyopewa baadaye. Waliokuwa wamembeba kichwani miaka kumi walikuwa wamekwisha kuzipima karanga zao.

Samora Machel alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa muuguzi kutoka Gaza, kusini mwa Msumbiji. Alikuja Tanganyika mwaka 1963, akapelekwa Algeria kujifunza vita, na Filipe Magaia, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Frelimo, alipouawa Oktoba 1966, Samora akashika jeshi lote. Makao yake makuu ya mafunzo yalikuwa hapa kwetu Nachingwea, pale panapoitwa mpaka leo Farm 17. Ardhi ile Waingereza walikuwa wameifyeka kwa mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufa baada ya miaka michache. Walituachia barabara, nyumba na uwanja wa ndege. Frelimo waliingia humo wakafanya kitu kingine kabisa. Mpiganaji alifundishwa bunduki, kusoma na kulima. Kamanda alishika jembe kama kuruta. Kuanzia mwaka 1967 wanawake walipewa mafunzo ya kijeshi Nachingwea, jambo ambalo wazee wengi wa Msumbiji, na wa kwetu pia, waliliona kufuru. Na Samora alisema wazi kwamba hakuna maana ya kumfukuza mnyonyaji Mreno ili kumweka mnyonyaji mweusi katika kiti kilekile. Baada ya Nkavandame kuondoka, biashara ya maeneo yaliyokombolewa iliondolewa mikononi mwa wenyeviti.

Ningependa kuishia hapo, maana nampenda Samora na sina sababu ya kuficha. Lakini funzo likikatwa nusu linageuka wimbo wa sifa.

Mwaka 1975, miezi michache kabla ya uhuru wa Msumbiji, wafungwa walipangwa mbele ya umati katika kambi ile ile ya Nachingwea. Nkavandame, ambaye sasa alikuwa mikononi mwa Frelimo, alikuwemo. Alikuwemo pia Mchungaji Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa Frelimo. Mwaka 1969, baada ya Mondlane kuuawa, Simango aliandika waraka kulalamika kwamba ndani ya chama watu wanauana, akafukuzwa. Alisimamishwa asome kwa sauti yake mwenyewe maelezo marefu ya kukiri makosa. Hakukuwa na wakili wala shahidi wa upande wake. Washtaki walikuwa ndio mahakimu, na ndio waliokuwa na bunduki. Kisha walipelekwa kambini huko Niassa, wakauawa bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Hata Celina, mke wa Simango, hakuachwa.

Hili lilianza kwenye ardhi yetu, na linaniuma. Nkavandame, kwa yote tunayoyajua, alikuwa na kesi ya kujibu. Damu ya Kankhomba ilikuwa inadai. Lakini mtu mwenye kesi ya kujibu ndiye hasa anayehitaji mahakama. Simango na Nkavandame hawakuwa na kosa moja, na bado waliwekwa juu ya mizani moja, na namba yao ikasomwa na mtu mmoja aliyesimama upande wa nyuma ambako wao hawakuweza kuona. Bakuli la kangomba na hukumu ile vinafanana: mwenye kipimo hajibu swali la mtu.

Tabia iliyozoeleka kambini ilihamia ikulu. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, maelfu ya raia walipelekwa katika kambi za kurekebishwa bila hukumu. Rhodesia, na baadaye Afrika Kusini ya makaburu, ziliunda na kulisha waasi wa Renamo walioipiga vita serikali. Lawama ya vita vile ni yao kwanza. Ila walikuta nyumba ambayo ndani yake watu wengi walikuwa na uchungu na hawana pa kuupeleka. Vita vilidumu mpaka tarehe 4 Oktoba 1992 na kuua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja. Samora mwenyewe hakuuona mwisho wake. Ndege yake ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Mtoto wa Simango, Daviz, alikua akawa meya wa Beira, akaanzisha chama cha upinzani, akashindana kwa kura na chama kilichowaua baba na mama yake. Mpaka anafariki mwaka 2021 hakuwa amekabidhiwa mabaki ya wazazi wake.

Na Cabo Delgado, nchi ya Nkavandame, bunduki zimelia tena tangu Oktoba 2017, safari hii kukiwa na gesi na rubi chini ya miguu ya watu maskini. Wakimbizi wamevuka Ruvuma ile ile kuja Mtwara.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza nani mkubwa, jibu langu ni hili. Samora alimzidi Nkavandame kwa mbali, maana alikula na watu wake na hakuwauzia chumvi kwa bei ya kuwakomoa. Songea Mbano alimzidi Samora, maana hakukubali kipimo ambacho wenzake hawakupimiwa. Na mama yule wa karanga, ambaye karatasi za ndege hazikumtoa msituni, anawazidi wote watatu, ingawa hakuna mtaa uliopewa jina lake.

Viongozi wa vyama vya msingi mtakaosoma maneno haya, Kilimarondo, Ruangwa na kwingineko: mizani za siku hizi zina kioo cha namba upande mmoja. Msimu huu kigeuzeni kimwelekee mwenye gunia.